Bunduki gani na risasi gani kwa nguruwe mwitu wa Texas?

Swali: Mimi ni Mkenya, nina Green Card na nafanya kazi Fort Worth. Mwenzangu kazini ana shamba lake nje ya mji, na nguruwe mwitu wanamfukulia malisho na mahindi kila wiki. Ameniambia nije niwapunguze. Sijawahi kuwinda maishani. Dukani mmoja ananisukumia AR-15, wa pili .308, wa tatu anasifia .30-30 ya babu yake, na binamu yangu anasema AK inamaliza kila kitu. Ninunue ipi, na risasi gani? Na nyama yake inalika kweli?

Jibu: Ndugu yangu, hao wote wanne wamekutajia bunduki na hakuna hata mmoja aliyekuambia risasi inayotoka kwenye mtutu iwe imetengenezwaje. Hapo ndipo shughuli yote ilipo. Nguruwe aliyepigwa kwa .30-30 ya babu yenye risasi sahihi, mahali sahihi, analala. Aliyepigwa kwa bunduki ya maelfu ya dola yenye risasi ya mazoezi anaingia kichakani na kufia huko usiku kucha, nawe hutamwona.

Ukitaka jibu la kwenda nalo dukani leo, nenda na hili: bunduki ya komeo, ile unayovuta na kusukuma kwa mkono kila ukifyatua, ya .308 Winchester (namba za namna hii ni saizi ya risasi inayoingia kwenye bunduki). Juu yake darubini ya kukuza mara 3 hadi 9. Risasi za greni 150 au 165, yaani karibu gramu 10, ambazo koti lake la shaba limegandishwa na kiini cha ndani. Nitaeleza kwa nini, na wapi unaweza kubadilisha bila kuharibu kitu.

Kwanza sheria, kwa ufupi, kwa kuwa umetoka nchi iliyopiga marufuku uwindaji mwaka 1977 na huenda hili lote ni geni. Texas haina msimu wala kikomo cha idadi kwa nguruwe mwitu. Tangu tarehe 1 Septemba 2019, mtu anayewawinda kwenye ardhi binafsi kwa ruhusa ya mwenye ardhi hahitaji leseni ya uwindaji. Ardhi ya umma ni habari nyingine, huko leseni inatakiwa. Ukiwa na Green Card unaweza kununua bunduki kama mkazi mwingine yeyote: muuzaji mwenye leseni atakujazisha fomu namba 4473 na jina lako litapitishwa kwenye mfumo wa FBI. Jaza ukweli mtupu. Uongo kwenye fomu ile ni kosa la serikali kuu, na kwa mtu asiye raia makosa ya silaha yanaweza kumfukuzisha nchini.

Sasa binamu yako. Kama yuko hapa kwa viza ya mwanafunzi au ya matembezi, sheria ya serikali kuu inamkataza hata kuishika bunduki yako, isipokuwa awe na mojawapo ya misamaha iliyoandikwa, na msamaha unaowafaa wengi ni kuwa na leseni halali ya uwindaji ya jimbo. Yaani jimbo halimdai leseni kwa nguruwe, lakini yeye anaihitaji ili aguse silaha. Watu wengi hawalijui hili. Mwambie akate leseni kabla hamjapanda gari.

Tuje kwa mnyama. Nguruwe hawa asili yao ni wa kufugwa. Wahispania walikuja nao karne ya 16, na Hernando de Soto alishuka nao Florida mwaka 1539. Waliotoroka wakaota mwitu, na baadaye, kwenye miaka ya 1930, matajiri wa Texas wakaleta nguruwe pori wa Ulaya kwa ajili ya kuwinda, wakachanganyika. Ndiyo maana kundi moja linaweza kuwa na mweusi tii, mwenye mabaka na mwenye singa ndefu za mgongoni. Usimfikirie ngiri wa nyumbani. Wengi wa wale wazima utakaokutana nao wana kilo 45 hadi 100. Yale madume ya kilo 180 yapo, ila ni machache kuliko hadithi zake. Jike hubeba mimba siku kama 115 tu, kwa hiyo mwenye shamba hatakuchoka hivi karibuni.

Mwili wake ndio unaowapotosha hata wawindaji wazoefu wa paa. Kwa paa, mtu hufundishwa kulenga nyuma ya bega, katikati ya kimo cha kifua au nyuma kidogo. Ukimpiga nguruwe hapo, mara nyingi umepiga ini au tumbo. Moyo na mapafu yake yamekaa mbele zaidi na chini zaidi, yamejibana katikati ya miguu ya mbele. Na ule mgongo mrefu unaouona ukiwa umesimama juu ni nyama, mafuta na singa. Uti wenyewe unapita chini kuliko macho yanavyokuambia, kwa hiyo risasi ya juu inaweza kupita kwenye nyama tupu, mnyama akaanguka kwa mshtuko, halafu akainuka na kukimbia ukiwa tayari umeshajipongeza.

Msubiri asimame ubavu. Fuata mstari wa mguu wa mbele kutoka chini kwenda juu, simama kwenye theluthi ya kwanza ya kimo cha mwili, hapo hapo juu ya kiwiko. Ukimpata hapo umeharibu moyo au sehemu ya juu yake, mapafu, na mara nyingine umevunja bega pia. Akiwa amekupa kitako, mwache. Akiwa anakutazama uso kwa uso, mwache vilevile hadi ageuke.

Utasikia wenyeji wakisifia pigo la nyuma ya sikio. Ni kweli linamwangusha papo hapo na halichafui nyama. Lakini kichwa cha nguruwe anayekula hakitulii hata sekunde mbili, na ukikosa kidogo unamvunja taya, akaondoka hai kwenda kufa kwa njaa. Hilo pigo waachie waliokwisha kufyatua risasi nyingi. Wewe anza na kifua.

Halafu kuna ngao. Dume la nguruwe likikua huota chini ya ngozi ya mabega na mbavu tabaka gumu kama gegedu, linalomkinga na meno ya madume wenzake wanapogombania majike. Kwa dume mzee tabaka hilo hufikia unene wa sentimita kadhaa. Hapo uvumi umezidi ukweli: hakuna ngao ya nguruwe inayozuia risasi nzuri ya bunduki ya kuwindia. Kinachotokea ni kwamba risasi nyepesi, iliyotengenezwa ipasuke haraka kwa ajili ya mbweha na panya wa nyikani, inapasukia palepale kwenye ngao na matope makavu na kuacha kidonda kibaya cha juu juu. Shida ya pili ndiyo inayonisumbua mimi zaidi, nayo ni mafuta. Tundu la kuingilia likiwa dogo, mafuta na singa huliziba mara moja, damu haidondoki, na nguruwe aliyekwisha kufa akiwa mbio anaweza kwenda mita 100 ndani ya miiba bila kukuachia tone moja la kumfuata. Kwa hiyo unataka risasi itoke upande wa pili. Tundu la kutokea ndilo linalokuandikia njia ardhini.

Ukishalielewa hilo, maboksi ya dukani yanaanza kusomeka.

Yenye herufi FMJ ni risasi za koti zima. Ni za bei nafuu na za mazoezi. Zinapita moja kwa moja bila kufunguka, zinaacha tundu jembamba, na zinaweza kuendelea hadi kumpata nguruwe wa pili au ng'ombe wa mwenyeji wako. Ziache uwanja wa kulengea shabaha. Zile za wanyama wadogo, zenye ncha ya plastiki na jina lenye neno Varmint, nazo ziache.

Za ncha laini za kawaida, kama Remington Core-Lokt iliyoingia sokoni mwaka 1939, au Winchester Power-Point, zinatosha kabisa katika .308 na .30-30. Ncha ya madini ya risasi iko wazi, ikigonga nyama inafunguka kama uyoga na kuendelea mbele. Mamilioni ya wanyama wameangushwa nazo, na mtu asikudharau ukizinunua.

Hatua ya juu yake ni hizo nilizokutajia mwanzo, zilizogandishwa koti na kiini visiachane. Federal Fusion ni mfano unaopatikana karibu kila duka na si ghali sana. Zinafunguka, lakini hazimeguki, kwa hiyo uzito wake mwingi unafika hadi upande wa pili. Juu zaidi ziko za shaba tupu, kama Barnes TSX, ambazo hazina madini ya risasi ndani. Faida yake ni mbili: zinapenya kuliko zote zinazofunguka, na haziachi chembe za sumu kwenye nyama. Kama watoto wako watakula hiyo nyama, hilo si jambo dogo. California imelazimisha wawindaji wote kutumia risasi zisizo na madini hayo tangu Julai 2019. Texas haijalazimisha, lakini hakuna anayekuzuia.

Tatizo hili la risasi kupasuka mapema ni la zamani. Mwaka 1946 John Nosler alikuwa akiwinda huko British Columbia, Kanada, na risasi zake zikashindwa kupenya vizuri kwenye mwili wa moose, yule mnyama mkubwa mwenye pembe pana. Akarudi nyumbani akatengeneza risasi yenye ukuta wa shaba katikati, ili nusu ya mbele ikipasuka nusu ya nyuma iendelee. Ilianza kuuzwa mwaka 1948 kwa jina la Partition na inauzwa mpaka leo. Kwa dume la nguruwe lililogaagaa matopeni siwezi kuisema vibaya, ila bei yake itakufanya ufikiri mara mbili kabla ya kufyatua. Pengine si vibaya.

Sasa rudi kwa wale washauri wako wanne.

AR-15 ya .223: nishati yake inapotoka mtutuni ni karibu juli 1,700, nusu tu ya .308 yenye karibu juli 3,600. Inaua nguruwe, na wengi hapa wanaitumia kwa sababu ni nyepesi, haina teke na inafyatua ya pili na ya tatu haraka kundi likitawanyika. Lakini haikusamehi. Lazima iwe risasi iliyogandishwa au ya shaba, ya greni 60 kwenda juu, umbali usiwe mkubwa, na pigo liwe pale pale nilipokuonyesha. Kwa mtu wa mara ya kwanza, kitu kinachofyatua haraka kinamfundisha kufyatua haraka. Nimewaona wengi wakimwaga risasi kumi na kuokota nguruwe mmoja, na watatu wengine wamekwenda na majeraha. Ungeniambia umewinda miaka mitano, ningekuambia inunue. Jambo la usalama hapa: kuna risasi iitwayo .300 Blackout, inayotumia magazini yaleyale ya AR-15. Ikiingia kwa bahati mbaya kwenye bunduki ya .223 na ukafyatua, bunduki inaweza kulipuka mbele ya uso wako. Mwenye bunduki zote mbili asizibebe siku moja. Na hizo .300 Blackout za mwendo wa polepole, zinazopendwa kwa ukimya wake, nguvu yake ni chini ya juli 700. Usizianzie.

.30-30 ya babu: ipo tangu 1895, na ndani ya mita 130 hivi ni silaha ya nguruwe hasa. Karibu juli 2,600, risasi nzito isiyo na haraka, bunduki fupi ya liva, yaani wenzo wa chini unaovutwa kwa mkono kuingiza risasi, inayopita vizuri vichakani. Kama huyo bwana anaiuza kwa bei ya kirafiki na shamba ni la misitu, chukua. Kwenye malisho ya wazi utaona upungufu wake.

AK ya binamu yako inatumia 7.62×39, na karatasi zinasema karibu juli 2,000, si mbali sana na .30-30. Kwa hiyo hajasema upuuzi. Ila risasi zake za bei rahisi, ambazo ndizo zinazowavuta watu, karibu zote ni za koti zima. Ukipata za ncha laini, na bunduki ikawa inalenga vizuri, nguruwe wa mita 80 atalala. Tatizo ni kwamba AK nyingi hazishiki darubini vizuri wala hazirudii shabaha ileile, na nguruwe mara nyingi anakuja jua likiwa limezama, wakati huoni kiona-shabaha cha chuma.

.308 umekwisha kuijua bila kujua. Zile G3 ulizoziona miaka yote mikononi mwa polisi wa Kenya zinatumia 7.62×51, ndugu wa damu wa .308. Naichagua kwa ajili yako kwa sababu tatu. Inapatikana kila duka la Texas hata lile linalouza chambo na barafu. Ina risasi za kila aina nilizozitaja. Na ina nguvu ya ziada ya kukusamehe ukikosea sentimita tano, kwa kuvunja bega na bado ikatoka upande wa pili. Teke lake linastahimilika. Kama una mwili mdogo au umeshaanza kuliogopa teke dukani, chukua 6.5 Creedmoor au .243 ya greni 100, wala usione haya. Mtu anayefumba macho kabla ya kufyatua hapati kitu, hata ukimpa mzinga. Kama tayari unayo .270 au .30-06, usinunue nyingine.

Kwa nini komeo? Ni rahisi, ni sahihi, ni rahisi kuikagua kama ina risasi au haina, na inakulazimisha uifanye ile ya kwanza iwe ya maana. Ruger American, Savage Axis na Mossberg Patriot ni bunduki za mtu wa kawaida na zinalenga kuliko wengi wetu tunavyoweza. Ukiwa na fedha zaidi, Tikka T3x. Zaidi ya hapo unalipia mbao na jina. Fedha iliyobaki itie kwenye darubini, kisha kwenye boksi nne au tano za risasi za mazoezi na vizibo vizuri vya masikio.

Darubini ya mara 3 hadi 9, yenye kioo cha mbele cha milimita 40, inatosha. Ibaki kwenye 3 au 4 muda wote, kwani nguruwe wa mita 60 kwenye kukuza mara 9 ni manyoya matupu. Wakati wa joto, na wakishachokozwa, nguruwe hugeuka kuwa wa usiku kabisa. Texas inaruhusu kuwawinda usiku kwenye ardhi binafsi, na hapo ndipo utashawishika kununua darubini ya joto, ile inayoonyesha joto la mwili gizani. Ni chombo cha ajabu. Pia ni ghali kuliko bunduki yenyewe mara kadhaa, na kinamwonyesha ndama, mbwa na mtu kama alama nyeupe tu kwa asiyekizoea. Kwa mwaka wa kwanza winda alfajiri na jioni, ukiwa juu ya kibanda au gari la mwenyeji, upepo ukikujia usoni. Macho ya nguruwe si makali, lakini pua yake itakusikia ulichokula asubuhi. Kukaa juu kuna faida nyingine: risasi inaelekea chini na udongo unaipokea. Kama nyuma ya nguruwe huoni kitu isipokuwa anga au kichaka, usifyatue. Nyuma ya kichaka kile huenda kuna nyumba ya jirani.

Kabla ya siku yenyewe, nenda uwanja wa shabaha na risasi zilezile utakazowindia, siyo za mazoezi tu, kwa sababu kila aina hugonga mahali pake. Weka bunduki igonge katikati kwenye yadi 100, yaani mita 91. Ikiwa hivyo, .308 ya greni 150 itashuka kama sentimita 9 ikifika yadi 200, na hutapiga mbali kuliko hapo mwaka huu. Kisha ondoka kwenye meza, piga ukiwa umekaa, umepiga goti, umeegemea nguzo. Ukiweza kuziweka risasi tano ndani ya duara la sentimita 15 kwa mikao hiyo, hapo ndipo umbali wako unapoishia, iwe ni mita 60 au 150.

Ukishampiga, ongeza risasi nyingine chemba papo hapo huku ukimtazama. Akianguka, ngoja. Akikimbia, kumbuka mti aliopita, ngoja nusu saa, kisha mfuate na mwenzako, bunduki tayari. Nguruwe mwitu mzima humkimbia mtu, lakini aliyejeruhiwa na kubanwa kwenye miiba hana pa kukimbilia, na meno ya dume hukata paja. Mwendee kwa upande wa mgongo, mguse jicho kwa fimbo ndefu. Likipepesa, maliza.

Nyama inalika, na ya jike la chini ya kilo 45 ni tamu hasa. Lakini hawa hubeba maradhi yanayompata mtu, hasa brusela, ambayo huingia kupitia damu kwenye mikwaruzo ya mikono ya mchunaji. Vaa glavu za mpira, usikate utumbo, usiwape mbwa nyama mbichi, na osha visu kwa sabuni. Jokofu la barafu liwe kwenye gari, maana kwa joto la Texas nyama inaanza kuharibika kabla hujamaliza kupiga picha. Kata na utupe nyama yote iliyopondeka kuzunguka tundu la risasi, kwa upana wa kiganja au zaidi kama hukutumia ya shaba tupu. Ipike hadi ndani ifike nyuzi 71 za Selsiasi, hata kama ni nyama choma na wageni wana njaa. Dume mzee anayenuka kutoka mbali, muulize mwenyeji wako anataka mzoga uende wapi kabla hujaanza kumchuna.